Luigi wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa mfalme aliyefika wa kwanza juu ya Ruwenzori nyuma ya waongoza njia

Asubuhi isiyo na ukungu, wakaaji wa Beni wanaoamka mapema huona upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde la Semliki, kitu cheupe kinachong'aa juu ya mawingu. Ni barafu ya Ruwenzori. Kilele chake kinachopita vingine vyote kinafika mita 5109, na katika Kongo nzima hakuna mahali palipo juu zaidi. Kinaitwa Margherita. Wanafunzi wa Beni na Butembo hulikariri jina hilo katika somo la jiografia, lakini ni wachache wanaoambiwa Margherita alikuwa nani. Alikuwa malkia wa Italia. Hakupanda mlima huo wala hakuuona kwa macho yake. Jina lake lililetwa na mpwa wa mume wake, Luigi Amedeo wa Savoia, anayejulikana zaidi kama Duke wa Abruzzi.

Luigi alizaliwa Madrid, mji mkuu wa Uhispania, tarehe 29 mwezi wa kwanza 1873. Baba yake, Amedeo, mtoto wa mfalme wa Italia, alikuwa ameitwa na Wahispania awe mfalme wao. Kazi hiyo ilimshinda. Mtoto alipokuwa na wiki mbili tu, baba alikiacha kiti cha ufalme na familia ikarudi Turin, mji wa kaskazini mwa Italia ulio karibu na milima ya Alpi. Mama yake alikufa mwaka 1876, Luigi akiwa mtoto mdogo. Akaandikishwa katika jeshi la majini tangu utotoni, na humo ndimo alimolelewa. Cheo cha Duke wa Abruzzi alipewa baadaye. Abruzzi ni mkoa wa Italia, na cheo hicho kilikuwa cha heshima tu, bila utawala wowote.

Bahari ilikuwa kazi yake, lakini mlima ndio uliomchukua moyo. Katika Alpi alikuta desturi ambayo itamfuata maisha yake yote: mtu hapandi peke yake, anapanda na kiongozi wa njia. Katika kijiji cha Courmayeur, chini ya mlima Mont Blanc, kuna familia ambazo kazi ya kuongoza wageni hupita kutoka baba kwenda kwa mtoto. Kiongozi hutangulia, anapima theluji kwa fimbo yake ya chuma, anakata ngazi kwenye barafu kwa shoka, na kamba moja inamfunga yeye na mteja wake kiunoni. Mmoja akiteleza, mwingine amshike au waanguke wote. Kwa kamba hiyo, mwana wa mfalme na mkulima wa kijiji wana uzito mmoja. Kati ya watu hao wa Courmayeur alikuwako Joseph Petigax, ambaye Luigi alimwamini kuliko wote. Safari kubwa nne za duke, Petigax alikuwa katika zote nne.

Mwaka 1894, akiwa na miaka 21, Luigi alipanda mlima Matterhorn kwa njia ngumu ya ukingo wa Zmutt pamoja na Waingereza Mummery na Collie, waliokuwa mabingwa wa wakati ule. Mwaka uliofuata Mummery alipotea katika milima ya Himalaya. Mwaka 1897 Luigi alivuka bahari mpaka Alaska kupanda mlima Saint Elias, wenye mita 5489, ambao ulikuwa umewashinda wengi. Msafara ulitembea juu ya barafu kwa wiki nyingi. Tarehe 31 mwezi wa saba watu wote kumi wa kundi la mwisho walifika juu. Inasimuliwa kwamba hatua chache kabla ya kilele, waongoza njia waliokuwa mbele walisimama kando na kumwachia duke nafasi aweke mguu wa kwanza. Ilikuwa adabu ya kazi yao: wao wanafungua njia, mteja anachukua jina. Adabu hiyo itaonekana tena Afrika, lakini kwa namna isiyo na haki.

Safari ya pili ilikuwa kwenda Ncha ya Kaskazini, mwaka 1899, kwa meli iliyoitwa Stella Polare. Meli ilibanwa na barafu karibu na kisiwa cha Rudolf, na msafara ukakaa huko majira yote ya giza. Baridi ilimuumiza duke mkono, akakatwa sehemu za vidole viwili, hivyo hakuweza kwenda mbele. Kapteni Umberto Cagni alimwakilisha, na katika mwezi wa nne 1900 alifika nyuzi 86 na dakika 34 kaskazini, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amefika kabla. Ushindi huo ulilipiwa. Watu watatu waliotumwa warudi kwenye meli mapema hawakuonekana tena. Mmoja wao alikuwa Felice Ollier, kiongozi wa njia kutoka Courmayeur.

Wakati huo huo, Ruwenzori ilikuwa bado fumbo kwa watu wa Ulaya. Stanley aliuona mlima wenye theluji mwaka 1888, karibu na ziwa Albert, akiwa na wapagazi wengi wa Zanzibar waliozungumza Kiswahili. Mwaka uliofuata msafara wake ulipita katika bonde la Semliki, upande ambao leo ni wa teritware ya Beni, na luteni wake Stairs akajaribu kupanda akaishia mita 3200 na kitu. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyesafiri pamoja na Emin Pasha, alipanda bonde la mto Butahu, juu ya mahali palipo Mutwanga ya leo, mpaka mita 4000 hivi. Wengine walijaribu kutoka upande wa Uganda, mmoja baada ya mwingine. Wote walirudi na habari zilezile: mvua, potopoto, ukungu, na vilele vinavyojificha. Hata idadi ya milima hiyo haikujulikana, wala kilele kipi ni kirefu kuliko vingine.

Mwaka 1901, akiwa mzee na mgonjwa, Stanley alisema mbele ya wanajiografia wa London kwamba anatamani mtu mmoja mpenzi wa milima aichukue Ruwenzori kama kazi yake na kuipima yote kutoka chini mpaka juu. Luigi alilisikia ombi hilo. Stanley alikufa mwaka 1904 bila kuona jibu.

Jibu lilishuka Mombasa mwanzoni mwa mwezi wa tano 1906. Duke alikuwa na miaka 33. Pamoja naye walikuwa Cagni yule wa kaskazini, daktari Cavalli Molinelli, mtaalamu wa mawe Roccati, na mpiga picha Vittorio Sella, ambaye picha zake za milima hazijapata mpinzani mpaka leo. Kutoka Courmayeur walikuja waongoza njia na wasaidizi wao: Joseph Petigax, Laurent Petigax, Joseph Brocherel, na César Ollier. Jina la Ollier lilikuwa tena kwenye kamba ya duke, miaka sita tu baada ya Felice kupotea.

Walipanda treni mpaka ziwa Victoria, wakavuka kwa meli mpaka Entebbe, kisha wakaanza kutembea kwa miguu kuelekea Fort Portal. Msafara ulikuwa wa mamia ya watu, wengi wao wapagazi Baganda, kila mmoja na mzigo wake kichwani: mahema, chakula ndani ya masanduku ya bati, vyombo vya kupimia, kamba, na vioo vizito vya Sella, kwa maana wakati huo picha ilipigwa juu ya kioo. Wiki mbili na zaidi walitembea katika nyasi ndefu na vinamasi. Kisha wakaingia bonde la mto Mubuku, na mlima ukaanza.

Hapo ndipo msafara ulipobadilika. Baganda walizoea joto la nchi yao, na baridi ya mlima iliwashinda. Kazi ikapita mikononi mwa Bakonjo, wenyeji wa miteremko hiyo. Msomaji wa Butembo hana haja ya kuelezwa sana Bakonjo ni nani. Ni Bayira, ndugu wa Banande, lugha yao ni moja kwa kiasi kikubwa, na wazee wa Lubero na Butembo husimulia kwamba mababu walivuka Semliki wakitoka upande wa mlima huo. Mpaka wa Kongo na Uganda uliwakuta tayari wako pande zote mbili.

Bakonjo hawakuwa wageni wa baridi. Wawindaji wao walipanda juu sana kutafuta pimbi, mnyama mdogo mwenye manyoya mazito, na walilala chini ya miamba iliyoinama kama paa. Mmoja wa miamba hiyo, uitwao Bujongolo, kwenye mita 3800 hivi, ndio uliokuwa kambi kubwa ya duke. Maana yake ni kwamba kituo kikuu cha safari hiyo maarufu kilikuwa makazi ya wawindaji, na waliofikisha msafara hapo ni watu waliokuwa wakipajua tangu zamani. Juu zaidi, kwenye theluji, Bakonjo hawakuwa na sababu ya kwenda. Huko, kwa imani yao, ni kwa Kitasamba, mwenye mlima. Nzururu ni neno lao la theluji, na kutoka neno hilo Bakonjo huuita mlima wao Rwenzururu.

Waliwabebea Waitalia mizigo katika msitu wa mianzi, kisha katika misitu ya miti iliyovaa kuvu na ndevu za kijani, ambamo mguu hauoni ardhi, unakanyaga magogo yaliyooza na kuzama katika potopoto mpaka gotini. Walikwenda bila viatu. Duke aliwapa blanketi na triko za sufu, na masimulizi ya safari yanawasifu kwa ustahimilivu wao. Lakini masimulizi hayo yanayohesabu kwa makini kila chupa ya kipima hewa, na yanayotaja majina ya waongoza njia wa Courmayeur mmoja mmoja, yanawaita watu hawa Bakonjo tu, kwa jumla. Hapo ndipo adabu ile ya Saint Elias ilipogeuka kuwa kitu kingine. Petigax alisimama kando kilele kilipokaribia, lakini jina lake likabaki katika kitabu. Mkonjo alifungua njia mpaka Bujongolo, akasahauliwa.

Tarehe 10 mwezi wa sita duke alipanda kilele cha mlima ambao wenyeji waliuita Kiyanja, na ambao leo huandikwa Baker. Wengi waliomtangulia walidhani ndio mkubwa kuliko yote. Mawingu yalipofunguka kwa muda, aliona ng'ambo ya bonde, upande wa magharibi, mlima mwingine uliopita ule aliosimama juu yake, wenye vilele viwili vyeupe vilivyo karibu kama mapacha. Safari yote ilikuwa imelenga mlima usio wenyewe. Kama mawingu yasingefunguka siku ile, huenda angerudi Ulaya akidhani amemaliza kazi.

Siku chache baadaye aliondoka Bujongolo na kundi dogo: waongoza njia wake na Bakonjo wachache. Walivuka kipito cha Freshfield, wakateremka upande wa magharibi mpaka maziwa ya Kitandara. Jambo hili lina uzito kwa watu wa Beni. Maji ya maziwa hayo hayaendi Uganda. Yanashuka kwa mto Butahu kuelekea Mutwanga, kisha Semliki. Kwa siku kadhaa duke aliishi katika upande wa mlima unaoinywesha Kongo, ingawa hakushuka mpaka kwenye vijiji vyake. Mpaka wenyewe haukuwa umewekwa hapo bado. Ni mapatano ya mwaka 1910 kati ya Ubelgiji na Uingereza yaliyouchora juu ya mgongo wa mlima, ukipita kwenye kilele cha Margherita.

Kutoka Kitandara walipanda tena mpaka ukingo wa barafu, wakaweka hema. Bakonjo waliishia chini ya barafu hiyo. Tarehe 18 mwezi wa sita 1906, duke, Petigax, Ollier na Brocherel walifunga kamba wakaingia juu ya barafu. Kilele cha kwanza walikifikia asubuhi. Kile cha pili, kirefu zaidi, kilikuwa mbele yao, kisha ukungu ukashuka ukakificha. Waliteremka kwenye mwanya kati ya vilele viwili na kuanza kupanda bila kuona mbali, Petigax akikata ngazi moja baada ya nyingine.

Karibu na juu walikuta ukuta wa theluji iliyoning'inia kama mdomo wa paa, na chini yake vijiti vya barafu vinavyotoboa. Hapakuwa na njia nyingine. Ollier alisimama imara chini. Petigax akapanda mabegani mwake, kisha kichwani, akiwa na viatu vyenye misumari chini, akachomeka shoka lake juu ya ukingo na kujivuta. Kisha akawavuta wengine kwa kamba. Hivyo ndivyo kilele cha juu kuliko vyote vya Kongo kilivyofikiwa kwa mara ya kwanza inayojulikana: juu ya kichwa cha mkulima wa Courmayeur.

Duke alifungua bendera ndogo ya Italia aliyopewa na malkia Margherita, na kilele kikapata jina lake. Kile pacha kikaitwa Alexandra, malkia wa Uingereza. Vipimo vyake vilitoa mita 5125 kwa Margherita. Leo huandikwa mita 5109. Tofauti ya mita 16, kwa mtu aliyepima kwa vyombo vya wakati ule ndani ya ukungu, ni ndogo mno.

Wengine wangeshuka na kurudi nyumbani. Yeye alibaki mlimani kwa wiki nyingine, kwa maana Stanley aliomba mlima wote upimwe. Vilele kumi na sita vilipandwa. Ramani ilichorwa, mawe na mimea ikakusanywa, na Sella akasubiri mwanga juu ya barafu siku baada ya siku. Ikajulikana kwamba Ruwenzori si mlima mmoja, bali ni milima sita yenye theluji iliyotenganishwa na mabonde.

Milima sita ilihitaji majina sita, na hapo duke aliandika orodha ya wasafiri wa Ulaya: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Wa sita aliuita Thomson, lakini wanajiografia wa London waliubadilisha wakaupa jina lake mwenyewe, Luigi di Savoia. Katika orodha hiyo hamna jina la Mwafrika hata mmoja, na hata Kiyanja, ambalo lilikuwa jina la kweli lililosemwa kila siku na wenyeji, likawekwa kando. Wakati wa Zaire, mlima Stanley ulipewa jina la Ngaliema, lakini nje ya nchi jina hilo halikushika, na Margherita ikabaki Margherita.

Mwezi wa kwanza 1907 Luigi alieleza safari yake London mbele ya wanajiografia, mfalme Edward wa VII akiwa kati ya wasikilizaji. Kitabu kikubwa cha safari kiliandikwa na daktari Filippo De Filippi, rafiki wa duke, ambaye hakuwa Ruwenzori bali alitumia maandishi ya wale waliokwenda.

Upande wa Kongo, kazi iliendelezwa na wengine. Mwaka 1932 msafara wa Wabeleji ulioongozwa na kaunti Xavier de Grunne ulipanda kutoka magharibi na kufika vilele ambavyo duke hakuvigusa. De Grunne alikufa mwaka 1944 katika kambi ya Wanazi. Mteremko wa magharibi ukaingizwa katika mbuga ya Albert, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo ni mbuga ya Virunga. Njia ikakatwa kutoka Mutsora, karibu na Mutwanga, yenye nyumba za kulala wapandaji: Kalonge kwenye mita 2100 na zaidi, Mahangu kwenye 3300, Kiondo juu ya 4000, kisha Moraine, chini ya barafu. Kazi ya kuongoza wageni na kubeba mizigo ikawa riziki ya vijana wa Mutwanga na vijiji vyake, kama ilivyo kwa familia za Courmayeur. Wapandaji wengi husema upande huu ni mkali zaidi kuliko ule wa Uganda, na mzuri zaidi, kwa sababu mlima unainuka ghafla kutoka bonde la joto la Semliki mpaka kwenye theluji.

Tangu vita viingie, kazi hiyo imekatika mara nyingi. Mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, yanayowekwa juu ya waasi wa ADF, yalifika mpaka sekta ya Ruwenzori, na watu wa vijiji vya chini ya mlima wamekimbia mara kadhaa. Wageni wanaotaka Margherita hupitia Uganda, na fedha zao hubaki huko. Mtu aliyejifunza njia ya Kiondo kutoka kwa baba yake hana mteja wa kumpeleka. Maji ya Butahu, kwa upande wake, hayakungojea amani: karibu na Mutwanga yanaendesha mitambo ya umeme.

Kitu kingine kinachopotea ni barafu yenyewe. Mwaka 1906 mito ya barafu ya Ruwenzori ilikuwa 43, juu ya milima yote sita, na eneo lake lilikaribia kilometa za mraba 7 na nusu. Mwaka 2005 zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha, na iliyobaki ilikuwa juu ya milima mitatu tu, karibu kilometa moja na nusu ya mraba. Wataalamu wanaopima upungufu huo huanza na picha za Sella. Bila safari ya duke, hakuna ambaye angejua leo ni kiasi gani kimeyeyuka.

Yeye mwenyewe hakurudi Ruwenzori. Mwaka 1909 alikwenda na Petigax na Sella katika milima ya Karakoram, kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Aliishia mita 6000 na kidogo, lakini ukingo aliouchagua ndio Waitalia walioutumia kufika juu mwaka 1954, na mpaka leo unaitwa ukingo wa Abruzzi. Katika safari hiyo hiyo, kwenye mlima Chogolisa, alifika karibu mita 7500. Hakuna mtu aliyepanda juu zaidi mpaka mwaka 1922.

Katika miaka hiyo alimpenda Katherine Elkins, binti wa seneta wa Marekani. Magazeti ya dunia yalifuata habari hiyo kama yanavyofuata leo harusi za wanamuziki. Ukoo wa mfalme ulikataa, kwa sababu msichana hakuwa wa damu ya kifalme. Mtu aliyewashinda Saint Elias na Margherita alishindwa na jamaa zake, na hakuoa maisha yake yote.

Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta akiwa mkuu wa meli za vita za Italia. Kazi yake kubwa ilikuwa kuokoa jeshi la Waserbia lililofukuzwa mpaka pwani ya Albania, likavushwa kwa meli. Lakini alilaumiwa kwa kutotaka kuziingiza meli kubwa vitani, na mwezi wa pili 1917 akaondoka kwenye cheo.

Baada ya vita akageukia Afrika tena, safari hii si kwa kupanda bali kwa kulima. Mwaka 1920 alianzisha kampuni ya kilimo Somalia, koloni ya Italia, kando ya mto Shebelle. Mifereji ilichimbwa, pamba, miwa na ndizi zikapandwa, kijiji kikajengwa na kuitwa kwa jina lake. Wasomali wanakiita Jowhar. Wasifu wengi wake hukifanya kijiji hicho kuwa kazi ya huruma, lakini mashamba ya Waitalia nchini humo yalitegemea pia kazi ya shuruti, na yale ya duke hayakuwa nje ya utawala huo. Wazee wa Kivu waliolimishwa pamba na kawa kwa nguvu wakati wa Wabeleji wangeitambua hali hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 1928, akiwa na miaka 55, alifunga safari yake ya mwisho, kufuata mto Shebelle kutoka chemchemi zake katika milima ya Ethiopia. Kisha saratani ikamshika. Madaktari wa Italia walipomwambia kwamba hakuna la kufanya, alipanda meli akarudi Somalia. Alikufa kijijini kwake tarehe 18 mwezi wa tatu 1933, akiwa na miaka 60. Wazee wa ukoo wa Savoia wamelala juu ya kilima cha Superga, Turin, ambako siku ya anga safi mtu anaiona Alpi yote. Luigi hakupelekwa huko. Kwa kutaka kwake mwenyewe, alizikwa Jowhar, katika nchi tambarare isiyo na mlima.